Maji ya Mashine ya Onkabetse

Mama mkwe wa Gaone aliposhuka kwenye gari la jirani aliyempa lifti kutoka Moshupa, alikuwa na kuku aliyefungwa miguu, gunia dogo la mtama, mafungu mawili ya majani makavu ya lengana ya kujitibu kifua, na uso wa mtu aliyekuja kuzika. Hakungoja kuulizwa habari za safari. Alimkabidhi Gaone kuku, akavuka ua, akasimama mlangoni mwa chumba cha kulala cha mwanawe.

"Iko wapi?"

"Karibu kwanza, Mma. Ukae, unywe chai."

"Chai nakunywa tangu nizaliwe. Nataka kuiona hiyo inayompumulia mwanangu."

Gaone akaitoa. Ilikuwa mashine ndogo, ukubwa wa mkate mmoja, yenye mpira mrefu, barakoa ya kufunika pua, na kitangi cha plastiki ubavuni. MmaOnkabetse, kama mtaa mzima ulivyomwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, aliizunguka bila kuigusa. Gaone akamweleza kama yeye alivyoelezwa hospitali. Onkabetse akilala, koo linajifunga na pumzi inakatika; anashtuka, anavuta hewa, analala tena, koo linajifunga tena, hivyo hivyo hadi asubuhi. Ndiyo maana mchana alikuwa akisinzia hata na kijiko mkononi. Mashine inasukuma hewa ili koo libaki wazi. Haimpumulii, inamfungulia njia tu.

"Na haya maji?"

"Hewa kavu inamkausha koo. Maji yanapata moto kidogo, basi hewa inapita na unyevu."

"Moto. Mvuke." Mama aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. "Kumbe wazungu nao wamegundua kujifukiza!"

"Si kujifukiza, Mma. Ni maji matupu. Wamekataza kutia kitu kingine chochote."

"Wamekataza," mama alirudia, kwa sauti ya mtu anayeonja mboga isiyo na chumvi.

Jambo lenyewe lilikuwa zito, na kila mtu mle ndani alilijua. Onkabetse alikuwa dereva wa lori kubwa kuliko yote mgodini, lile ambalo mtu mzima akisimama kando ya gurudumu lake anaonekana mtoto. Aliliendesha miaka mingi na kwa majivuno yote ambayo mwanamume anaweza kuwa nayo, mpaka siku aliposinzia na lori likapanda tuta la mchanga. Hakuumia mtu. Daktari wa mgodi akampa mashine na sharti moja: alale nayo kila usiku. Ndani yake kulikuwa na kadi inayojiandikia saa zote za kulala, na mwisho wa mwezi kadi ingesomwa. Ikionyesha amelala nayo, anarudi kwenye lori. Ikionyesha hakulala nayo, hatashika usukani wa mgodi maisha yake yote. Kwa sasa alikuwa stoo, akigawa kofia ngumu na viatu kwa vijana aliowafundisha kazi yeye mwenyewe. Nao, kwa sababu ya ile barakoa, walikuwa wakimwita Rubani.

* * *

Gaone alikuwa fundi cherehani. Alishona leteisi, magauni ya kitambaa cha chapa ambayo bila hayo harusi huku haijawa harusi, na kwa kazi hiyo aliyajua maji kuliko wengi. Maji ya mji ule yalitoka kwenye visima virefu, magumu, yenye chokaa. Birika lake la chai lilikuwa na gamba jeupe ndani ungedhani limepakwa rangi. Pasi yake ya kwanza ya mvuke ilikufa kwa maji hayo hayo, tena ilikufa kwa fujo: ilitema chokaa kifuani mwa gauni la bibi harusi, asubuhi ya harusi, na mama wa bibi harusi akiwa amesimama hapo hapo. Tangu siku hiyo pasi yake haikunywa maji ya bomba. Ilikunywa maji ya duka la dawa, yale yaliyogeuzwa mvuke yakarudishwa kuwa maji, hayana chumvi wala chokaa. Basi daktari aliposema mashine ya mumewe nayo inataka maji hayo hayo, Gaone aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa habari za shangazi yake.

Kazi ya kuitunza akaichukua yeye, bila mtu kumwomba. Kila asubuhi alimwaga maji yaliyobaki, hata yakiwa mengi. Aliosha kitangi kwa maji vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, akakisuuza, akakianika kivulini juu ya kitambaa safi. Barakoa aliipangusa mafuta ya uso, maana ikiwa na mafuta inateleza na hewa inavuja. Jumamosi kitangi na mpira vililowekwa kwenye maji yenye siki, kisha vikasuuzwa mpaka harufu ikaisha. Onkabetse mwenyewe, ambaye ndiye mwenye pua, hakuwahi kukishika kitangi. Kazi yake ilikuwa kulala.

Mwezi ukiwa katikati, maji yakaisha kwenye duka la dawa. Gari la mzigo kutoka Gaborone halikuja wiki ile, wala hakuna aliyejua litakuja lini. Gaone akafikiri kidogo, akavaa viatu, akaenda kituo cha mafuta, ambako maji ya kuongezea kwenye betri za magari huuzwa kwenye chupa za bluu. Alisoma maandishi ya chupa yote, mbele na nyuma. Maji matupu, yaliyoondolewa chumvi, hakuna tindikali.

"Mma, gari liko wapi?" kijana wa pampu alimuuliza. Nyuma yake walikuwa wenzake watatu, wamekaa juu ya matairi, hawana kazi.

"Sina gari."

"Sasa betri ya nini?"

"Ni ya mume wangu," alisema Gaone, na neno lilipotoka akalijua kosa lake.

Vijana walianguka kwa kicheko. "Ya mume wako! Mma, anawashwa kwa ufunguo au mpaka asukumwe?"

"Asubuhi anasukumwa," Gaone alijibu, "kama unavyosukumwa wewe na mama yako. Nipe chupa mbili."

Walicheka zaidi, safari hii wakimcheka mwenzao, na Gaone akaondoka na chupa zake akiwa ameshinda. Lakini ushindi wa kituo cha mafuta hauendi mbali. Kabla hajafika nyumbani, mtaa ulikwisha kujua kwamba Rubani anatiwa maji ya betri.

MmaOnkabetse naye alisikia. Gaone alijiandaa kwa maneno makali, lakini mama mkwe alimshangaza. Asubuhi iliyofuata alikuja jikoni na kikombe chake cha lengana, ile chai chungu aliyokunywa kila siku hata nyumba nzima ikanuka lengana kuanzia pazia hadi mito ya viti.

"MmaTumisang," alisema, akimwita kwa jina la binti yake aliyekuwa bweni, "una harusi tatu za kushona. Hicho kibakuli niachie. Nifundishe, nitaosha asubuhi na kukijaza jioni."

Gaone alikaribia kulia. Kwa miaka yote ya ndoa yake, mama huyu hakuwahi kumpokea hata ndoo. Akamfundisha yote: maji vuguvugu, tone la sabuni, kivulini, si juani. Mama alishika upesi, na kitangi kilirudi kila asubuhi kinang'aa kuliko kilivyowahi kung'aa. Gaone akaenda kwenye cherehani yake moyo mweupe, akawaambia wateja kwamba mama mkwe wake ni dhahabu.

* * *

Kikohozi kilianza kidogo kidogo. Onkabetse alikohoa akinywa uji, akakohoa akifunga viatu, akaenda stoo akikohoa. Macho yalikuwa mekundu.

"Una nini?" Gaone alimuuliza.

"Si kitu."

"Ni koo?"

"Si kitu, MmaTumi."

"Mashine inakusumbua?"

"Mtu akikohoa lazima awe na mashine? Nimesema si kitu."

Halafu asubuhi moja Gaone aliikuta mashine juu ya kabati, mpira umeviringishwa na barakoa imetupwa pembeni, mumewe amekaa kitandani ameshika kifua. Alisema haivai tena. Gaone akamkumbusha kadi, akamkumbusha lori, akamuuliza kama anataka kuzeeka akipima watu viatu.

"Stoo si pabaya," alisema Onkabetse, macho chini. "Kuna kivuli."

Hapo ndipo Gaone aliposhikwa na hofu. Mwanamume aliyewahi kumpeleka binti yake mgodini siku ya familia ili tu amwonyeshe gurudumu, leo anasifu kivuli cha stoo! Na kila alipotafuta sababu, alirudi kwenye zile chupa za bluu. Ni yeye aliyezinunua. Vipi kama maandishi yalidanganya? Vipi kama kijana wa pampu alijaza kitu kingine ili wacheke? Alishona mkono wa gauni kinyume, akaufumua, akaushona tena kinyume.

Mama mkwe hakuwa na shaka hata chembe. "Maji ya gari," aliwaambia akina mama wa kanisani, waziwazi, Gaone akiwa hatua mbili nyuma yake amebeba biblia zote mbili. "Mke wa mwanangu anamtia mume wake maji ya gari. Nimejitahidi kumlinda, lakini mimi ni mmoja."

Jioni hiyo mama alimpigia simu kaka yake, mzee Gabaake, na kumwambia aje. Mjomba wa mtu akiitwa, huku kwetu, si mazungumzo tena. Ni kesi.

* * *

Mjomba Gabaake alifika Jumapili mchana, amevaa koti la sufu kwenye jua kali, kwa sababu kesi haisikilizwi kwa shati. Alikula nyama ya kupondwa aliyoandaliwa, akanywa glasi mbili za tangawizi, akavua kofia. Viti viliwekwa uani: chake, cha dada yake, cha Onkabetse. Gaone alijifunga shali mabegani na kukaa kwenye mkeka, kama mke anavyopaswa, akawa anazungumza na magoti ya watu.

"Nimeitwa," alisema mjomba. "Nimeacha ng'ombe wana kiu. Semeni."

"Kaka, mtoto wangu anatiwa maji ya betri puani."

"Ya betri!" Mjomba alijishika paja. "Maji ya betri yalinitoboa suruali mimi, suruali ya harusi, na lilikuwa tone moja tu! MmaTumisang, ni kweli?"

"Ni kweli niliyanunua kituo cha mafuta, Mjomba. Lakini yako ya aina mbili. Yaliyokutoboa suruali ni tindikali. Haya ni ya kuongezea, ni maji matupu."

"Nani kasema?"

"Chupa imesema."

"Chupa!" Mama aliruka kwenye kiti. "Ile chupa ya kuotesha nywele nayo ilisema. Kaka, nywele ziko wapi?"

Mjomba alivaa kofia yake taratibu. Onkabetse alikohoa. Gaone akamtazama mumewe akitegemea neno moja, hata nusu neno, lakini Onkabetse alikuwa anatazama viatu vyake, vipya, vya stoo.

Basi Gaone akaomba ruhusa ya kusimama. Aliingia ndani, akatoka na jiko dogo la gesi, sahani nne nyeupe za bati, na chupa ya bluu iliyobaki nusu. Kwanza alijimwagia maji ya chupa kwenye kiganja, akanawa mikono hadi viwiko, kisha akanawa uso. Mama alijiziba mdomo. Mjomba aliinama kutazama kama ngozi itaanza kutoa moshi. Ngozi haikufanya lolote, ililowa tu.

"Sasa tazameni," alisema Gaone, na sauti yake haikuwa tena ya mtu wa kwenye mkeka. "Pasi yangu ilinifundisha jambo moja. Mvuke unaondoka, kilichomo kwenye maji kinabaki. Tutayachemsha yote yakauke, tuone kila maji yanaacha nini."

Sahani ya kwanza alitia maji ya bomba. Yalikauka yakaacha duara la chokaa, gumu, la kukwangua kwa kucha. Ya pili alitia maji ya mvua kutoka kwenye tangi la bati, kwa sababu mama alisisitiza kwamba mvua ni ya Mungu. Yaliacha vumbi la paa na mguu wa mdudu. Ya tatu alitia maji ya chupa ya bluu. Walisubiri wote wameinamisha vichwa kama wanasali, na maji yalipokwisha, sahani ilikuwa nyeupe tupu. Mjomba alipitisha kidole, akakitazama, akakipangusa kwenye koti ingawa hakikuwa na kitu.

"Hakuna kitu," alisema.

"Hakuna kitu, Mjomba."

Zilizofuata zilipaswa kuwa dakika za Gaone za kufurahia. Lakini alikuwa mtu wa kumaliza kazi, na sahani ya nne ilikuwa bado. Alikwenda kuishusha mashine juu ya kabati, pale pale mumewe alipoiacha, akachomoa kitangi ambacho hakikuguswa tangu usiku ule wa mwisho. Alipokiinua kwenye mwanga akasita. Maji yalikuwa na rangi ya chai.

Aliyamimina kwenye sahani. Yalipoanza kutoa mvuke, harufu ilijaa uani, ikapanda puani mwa kila mmoja, kali, chungu, ya majani yaliyokauka. Hakuna mtu aliyezaliwa nchi ile asiyeijua. Kila aliyewahi kuwa mtoto mwenye mafua alifunikwa blanketi juu ya sufuria ya harufu hiyo.

"Lengana!" alisema mjomba.

"Ndiyo, lengana," alisema MmaOnkabetse, wala hakuyumba. "Niliichemsha mimi, nikaichuja kwa kitambaa safi, nikamwekea kila jioni. Mlitaka nikae nimtazame akivuta maji ya gari? Hiyo ndiyo iliyomwokoa. Bila hiyo mngekuwa mmeshamzika."

Sahani ilikauka. Gaone aliiinua kwa kitambaa, akaiweka pamoja na kitambaa hicho mapajani mwa mjomba. Chini kulikuwa na ukoko mweusi unaonata, kama wa sufuria ya jamu iliyosahauliwa motoni.

"Sufuria unaiinamia mara moja, unajifukiza, unatoka," alisema Gaone. "Hii imesukumwa kifuani mwake usiku kucha, kila usiku, kupitia mpira usiokauka. Si maji ya gari, Mma."

Mama aliinamia sahani, akaunusa ukoko ule. Uso wake ukaanza kuzeeka pale pale mbele yao. Gaone alimwona, na hamu aliyokuwa nayo tangu kanisani, ya kumsikia mama huyu akiomba msamaha mbele ya watu, ikamtoka kabisa. Kwa sababu alikuwa amefikiri jambo jingine. Harufu ile yeye hakuitofautisha na ya nyumba, sawa, ilikuwa ikitoka jikoni kila siku. Lakini mwenye barakoa? Mtoto wa mama huyu huyu, aliyelelewa ndani ya harufu hiyo?

Akageuka. "RraTumisang," alimwita kwa heshima yote, maana walikuwa mbele ya watu. "Wewe ulinusa."

Onkabetse aliinama kufunga upya kamba ya kiatu.

"Onkabetse," alisema mjomba, "mke wako anakuuliza."

"Nilinusa."

"Lini?"

"Usiku wa kwanza, Mjomba." Alikohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Nilijua ni mama. Ningemwambia nini? Amekuja kutoka Moshupa kwa ajili yangu. Alikuwa na furaha. Nikasema nitazoea."

"Na mimi?" Gaone aliuliza. "Nimetukanwa kanisani. Nimeletewa mjomba. Nimekaa hapa chini nikijibu kuhusu suruali yake. Ulikuwa unajua, ukanyamaza?"

Onkabetse aliinua macho. Hakuwa mtu mbaya, na jibu alilolitoa lilikuwa la kweli, ndiyo maana lilimchoma Gaone kuliko uongo wowote.

"Nilijua wewe utavumilia," alisema. "Wewe huwa unaweza."

Gaone alijihisi anachoka mwili mzima, uchovu wa miaka, akakaa tena kwenye mkeka. Aliyesema ni mama mkwe. Alikuwa amesimama.

"Ulijua inakuchoma?"

"Nilijua, mama."

"Na ukaivuta. Ukaniacha nikuue kwa mkono wangu, asubuhi nikiosha kibakuli naimba."

"Mama, haikuwa kitu…"

"Nyamaza! Au tuseme, usinyamaze! Baba yako alikuwa hivyo hivyo." Alimgeukia kaka yake, kisha Gaone, kana kwamba wao ndio mashahidi. "Alikoroma hadi ng'ombe wakaamka. Kifua kilimbana mwezi mzima. Nikimuuliza, si kitu. Halafu usiku mmoja akaacha kukoroma. Mnajua nilifanya nini? Nilimshukuru Mungu, nikalala. Nililala vizuri kuliko siku zote za ndoa yangu. Asubuhi nilimgusa alikuwa baridi." Alifuta uso kwa kiganja kwa hasira. "Si kitu, si kitu, mpaka hakuna wa kumuuliza. Nilikuja hapa kwa sababu hiyo. Sikulala hata siku moja tangu nifike. Nilikuwa nasikiliza."

Gaone aliinuka akamshika mama mkono, na mama hakuutoa. Walisimama hivyo, wanawake wawili waliokwisha kusikiliza pumzi za wanaume usiku kucha katika nyumba mbili tofauti.

Mjomba alikohoa kidogo kuonyesha kwamba hukumu iko tayari, lakini hakuna aliyemtazama. MmaOnkabetse alikichukua kitangi, akakiweka mapajani mwa mwanawe.

"Osha."

"Mama, sijui…"

"Nitakufundisha. Nimefundishwa vizuri. Maji vuguvugu, tone moja la sabuni. Na si humo ndani. Hapa, bombani, mjomba wako akuone."

Akaosha. Bomba lilikuwa karibu na uzio, na basi la wafanyakazi wa zamu ya jioni lilipita wakati huo huo, taratibu kama kawaida ya kona ile. Vijana walitoa vichwa madirishani wakaita lile jina lao, Rubani. Onkabetse alisuuza, akakinyanyua kitangi juani kukikagua, akakisuuza tena. Mama alimwambia bado.

* * *

Daktari wa mgodi, Dokta Sebego, aliichomeka kadi kwenye kompyuta yake, akasoma kwa muda mrefu. Gaone alikuwa amekaa kando ya mumewe, mkoba mapajani. Juu ya meza kulikuwa na karatasi mbili ambazo wote wawili walizitambua bila kuzisoma, moja ya kumrudisha kwenye lori, nyingine ya kumwondoa kwenye usukani.

"Hapa ulilala nayo vizuri sana," alisema daktari. "Halafu hapa unaanza kuivua. Halafu hakuna kitu kabisa. Imekuwaje, Rra? Umeichoka?"

Gaone aliliona lile neno likija kwenye midomo ya mumewe, lile neno lake la siku zote. Hakumkanyaga mguu wala hakumfinya. Onkabetse alijisogeza mbele kwenye kiti.

"Hapana, daktari," alisema. "Iliniumiza, nikaficha."

Akaeleza yote, lengana, sahani nne, mama yake, na baba yake pia. Alieleza vibaya, akianzia katikati na kurudi nyuma, lakini alieleza. Daktari alimsikiliza kifua mbele na mgongoni, akaandika, akasema mpira na barakoa vitupwe, atapewa vipya, na apumzike mpaka kikohozi kiishe kabla ya kuanza tena. Kisha akamgeukia Gaone.

"Na wewe Mma, chupa ya bluu. Safari hii haikumdhuru, lakini ile imetengenezwa kwa ajili ya magari, na sahani haiwezi kukuonyesha kila kitu. Ukikosa maji ya duka la dawa, njoo hapa uulize. Usibahatishe."

"Nimesikia, daktari," alisema Gaone, na masikio yakamwaka moto. Alikuwa ameshinda tangu Jumapili, akaanza kuzoea.

Dokta Sebego aliichukua karatasi ya kumwondoa kwenye usukani, akaikunja, akaitupa kwenye pipa. "Ungeniambia umeichoka tu, ningetia sahihi ile. Mwezi unaanza upya siku utakapopona. Lori lako bado lina dereva wa muda." Akashika kalamu. "Nani anaiosha mashine?"

Onkabetse alimgeukia mkewe, kwa mazoea tu. Gaone alikuwa anatazama dirishani, kule malori yalikopita yakiwa na vumbi lake, kana kwamba hakusikia swali.

"Mimi," alisema Onkabetse.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili, daktari."

Daktari alicheka, akaandika hivyo hivyo alivyoambiwa.

Nje, kwenye benchi la kusubiri, walikaa vijana wawili wa stoo. Onkabetse aliwasalimia kwa majina, akaendelea kutembea, sanduku la mpira mpya kwapani. Walipofika getini Gaone alisema wapitie dukani, siki imekwisha. Alilisema bila kufikiri, kama alivyokuwa akimtajia chumvi, mishumaa na sabuni kwa miaka yote ya ndoa yao, na kwa miaka yote hiyo hakukuwa na kitu ndani ya nyumba ile ambacho mumewe alijua kimekwisha kabla ya kuambiwa.

"Najua," alisema Onkabetse. "Niliimaliza mimi, asubuhi."